Inveta ya mgonjwa: hesabu ya usiku mmoja Kigobe

Jenereta za Kigobe zimepunguza makelele. Katika mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura, wenye jumba ambamo Bunge la Taifa hukutana, ilikuwa kawaida Regideso ikikata umeme, nyumba tatu nne zianze kunguruma nyuma ya kuta ndefu kabla hujapapasa kiberiti, huku zamu, mlinzi wa nyumba, akihangaika na kidumu na tochi. Uhaba wa mafuta ulioiandama Burundi miaka hii umeivunja kawaida hiyo. Mwenye jenereta bila petroli anakaa gizani kama jirani yake asiye nayo, na ndiyo maana boksi za inveta na betri za sola zinaonekana zikishushwa kwenye mageti ambayo zamani yalishusha madumu.

Wengi wananunua kwa ajili ya taa, televisheni, intaneti na friji. Ukikosea hapo umepoteza fedha, basi. Lakini zipo nyumba ambamo kinachotegemea prizi ni pumzi ya mtu: mzee anayelala na mashine ya CPAP kwa sababu pumzi humkatika usingizini, bibi mwenye mapafu yaliyochoka anayevuta oksijeni ya mashine, mtoto wa pumu anayeamshwa saa nane za usiku awekewe nebulaiza. Nyumba hizo zina hesabu yake. Na hesabu hiyo huwa ngumu zaidi siku familia inapoamua kutoka: kulala kwenye hema kando ya Tanganyika, kupanda hadi kwa ndugu milimani, au kwenda Mugera kwa hija ya tarehe 15 Agosti, ambako wengine hufika tangu mkesha na kulala huko huko.

Ingia dukani, iwe Buyenzi au katikati ya mji, useme unatafuta inveta ya mgonjwa. Swali la kwanza litakuwa, "Mama, unataka ya wati ngapi?" Ukisita kidogo, jibu litatolewa kwa niaba yako: "Chukua hii ya 3000, mama, utalala usingizi." Muuzaji hana nia mbaya. Anauza namba, na namba kubwa huuzika. Tatizo ni kwamba ameanzia mwisho. Wati za inveta zinasema ni mzigo gani inaweza kubeba kwa mara moja. Hazisemi lolote kuhusu itaubeba kwa saa ngapi. Saa ni kazi ya betri, na ukubwa wa betri unaamuliwa na mashine ya mgonjwa.

Namba kubwa ina madhara yake pia. Inveta ikiwashwa tu, hata bila kuunganishwa na chochote, hula umeme ili kuendesha mitambo yake ya ndani. Inveta ya wati 3000 inaweza kumeza wati 20 hadi 30 ikiwa imekaa bure. Ndogo ya wati 300 hutumia chini ya 10. Sasa fikiria CPAP inayotumia wati 30. Ukiiweka kwenye inveta kubwa, karibu nusu ya betri inamlisha mbebaji badala ya mzigo. Mzee ataamka saa tisa usiku akitafuta pumzi, na nyumba nzima itamlaumu fundi kwamba aliuza betri mbovu.

Kwa hiyo tuanze na mashine. Nyuma yake, au kwenye chaja yake, kuna kibandiko chenye wati. Kisome kwa tahadhari, kwa sababu kinataja kilele, wala si matumizi ya kila saa. Chaja ya AirSense 10 ya ResMed imeandikwa wati 90 na volti 24; ile ya DreamStation ya Philips ni wati 80 na volti 12. Lakini CPAP yenye kazi ya kusukuma hewa peke yake hutumia kati ya wati 10 na 30 hivi, kutegemea kiwango cha shinikizo alichopangiwa mgonjwa na kama barakoa inavuja. Kinachoipandisha hadi wati 50 na zaidi ni lile bakuli la maji linalopashwa moto ili hewa isimkaushe mgonjwa pua na koo, pamoja na bomba lenye waya wa joto. Mzee wa Bujumbura, mjini kwenye joto la ziwa, mwinuko wa mita 780 hivi, mara nyingi anaweza kuzima hita hiyo asihisi tofauti kubwa. Mpeleke Bugarama au Mugera wakati wa kiangazi, usiku wa baridi na hewa kavu, ndipo ataililia. Muulizeni daktari wake mapema kama anaweza kulala na maji yasiyopashwa moto kwa usiku mmoja au mbili. Jibu la swali hilo dogo linaweza kupunguza betri kwa nusu.

Ukitaka kujua matumizi halisi na huna kipimo, mita ya Cash Power ukutani inaweza kukusaidia. Usoni mwake kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake maandishi kama "1000 imp/kWh", yaani taa itapepesa mara 1000 kwa kila uniti. Kwa mita ya namna hiyo, kila pepeso ni wati-saa moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, pamoja na friji na chaja za simu, uiache mashine ya mgonjwa peke yake, kisha hesabu kwa saa ya mkononi. CPAP isiyopasha maji itapepesa mara moja kila baada ya dakika mbili au zaidi, mpaka utadhani mita imelala. Mashine ya oksijeni itapepesa karibu mara sita kwa dakika. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 2000, gawanya ipasavyo. Ni kipimo cha bure na hakidanganyi kama kibandiko.

Tuchukue CPAP ya wati 30 kwa usiku wa saa 8. Hiyo ni wati-saa 240. Kwa usiku mbili za hemani ni 480. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi, hizi nzito tulizozizoea, inafaa kutumiwa nusu tu. Ukiimaliza kila mara itakufa mapema. Zinabaki 600, na zinatosha. Ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huruhusu asilimia 80 au 90, kwa hiyo ya ampea-saa 50 inafanya kazi ile ile kwa uzito ambao kijana anaubeba kwa mkono mmoja. Ya risasi ingekuwa na kilo 30.

Uzito huo, kwa njia, ndio mtego wa kuwanasa wanaobandika namba za uongo. Betri ya kweli ya risasi yenye ampea-saa 100 ina kilo 28 hadi 32, na ya 200 hukaribia 60. Ukiona iliyoandikwa 200 ikinyanyuliwa kwa urahisi kutoka rafuni, risasi haimo. Omba mizani. Muuzaji wa betri akikataa mizani, nenda duka la pili. Kwa lithiamu kipimo hiki hakifai, kwa kuwa zenyewe ni nyepesi kwa asili.

Na hapa lipo jambo ambalo maduka hayalitaji, kwa sababu halina faida kwao. Kwa CPAP, inveta bora huenda ikawa kutokuwa na inveta. Ndani kabisa, mashine hizi zinatumia umeme wa moja kwa moja wa volti 12 au 24. Chaja yake kazi yake ni kuushusha ule wa volti 220. Ukitumia inveta, unapandisha volti 12 za betri hadi 220, kisha chaja inazirudisha 12 au 24, na kila safari umeme unapotea kama joto. Watengenezaji huuza waya maalumu wa kuunganisha mashine na betri bila kupitia huko kote: kwa ResMed unapandisha 12 kuwa 24, kwa nyingi za Philips unapitisha 12 zilivyo. Usimruhusu fundi kukata waya wa chaja na kuunga kwa makisio. Waya halisi una kinga na una volti sahihi, na mashine iliyoungua kwa sababu ya senti chache za waya haitatengenezwa na mtu mtaa huu.

Wazo hilo hilo la kutumia volti 12 moja kwa moja ndilo lililomwongoza Laura Stachel, daktari wa uzazi kutoka Marekani, aliyeona mwaka 2008 nchini Nigeria wakunga wakizalisha gizani. Mumewe, Hal Aronson, mwalimu wa nishati ya jua, alimtengenezea sanduku la mkononi lenye taa, betri na vifaa vidogo, vyote vya volti 12. Sanduku hilo limefika kwenye zahanati nyingi, zikiwemo za Uganda. Lilifanikiwa kwa kuchagua kwanza vifaa vinavyokula kidogo. Betri ilikuja baadaye.

Gari nalo hudanganya. Tundu la kiberiti cha sigara kwenye dashibodi huwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, maana yake wati 120 hadi 180 tu. CPAP inapita. Mashine ya oksijeni itaunguza fyuzi kabla mgonjwa hajavuta pumzi ya tatu. Na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kazi ya kukesha. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukilaza mzee kwa betri ya gari kule Mugera, asubuhi gari halitawaka, na kuwasha injini usiku kucha ili kuichaji ni ufujaji ambao hakuna mtu wa Buja mwenye akili atakayeufanya kwa petroli iliyotafutwa foleni siku nzima. Tena kuna moshi, na moshi wa injini karibu na hema unaua.

Kwa wanaopenda kujua vilikotoka vitu: CPAP yenyewe ilianza kwa ufundi wa kuungaunga. Mwaka 1980 mjini Sydney, Colin Sullivan aliijaribu kwa mgonjwa aliyekuwa akikabiliwa na upasuaji wa kutobolewa koo. Alitumia mota ya kusukuma hewa kama ya mashine ya kufyonza vumbi na barakoa aliyoiunda mwenyewe, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Mashine ya leo inakaa mezani kando ya kitabu na haisikiki.

Mashine ya oksijeni ni habari nyingine kabisa. Inavuta hewa ya chumbani, inaikandamiza kwa kompresa na kuipitisha kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni, kisha inatoa hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Ile ya kawaida ya lita 5 kwa dakika hutumia wati 350 hivi; ya lita 10 hukaribia 600. Na tofauti na nebulaiza, ambayo hula wati zaidi ya 100 lakini kwa dakika 10 au 15 tu, hii haizimwi.

Fanya hesabu. Wati 350 kwa saa 8 ni wati-saa 2800. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta, utafika kama 3300. Kwa betri za risasi unazotumia nusu, unahitaji 6600, ambazo ni ampea-saa 550 kwa volti 12: betri tatu za 200. Hizo ni kilo 180, kwa usiku mmoja. Kwa lithiamu, betri moja kubwa ya kilowati-saa 5, ya kutundika ukutani, inatosha na chenji. Kwa vyovyote vile haziendi hemani. Zinakaa Kigobe, kwenye chumba chenye hewa, mbali na kitanda cha mgonjwa hasa kama ni za risasi, maana zikichajiwa hutoa gesi inayowaka.

Hapa ndipo wati za inveta zinapopata maana. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake kwa kitambo kifupi. Inveta ya wati 500, ambayo kwenye karatasi inatosha, inaweza kuzima kila mara mashine inapojaribu kuwaka. Chukua ya wati 1000 halisi inayovumilia 2000 kwa sekunde chache. Angalia neno "halisi", kwa sababu boksi nyingi huandika kile kilele kwa herufi kubwa na uwezo wa kudumu kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nyingine huandika VA badala ya wati. 1000 VA inaweza kuwa wati 600 au 800. Na kama unajenga upya, jenga kwa volti 24 au 48. Kwa volti 12, mzigo huu unapitisha zaidi ya ampea 30 kwenye waya bila kupumzika, na waya mwembamba utapata moto. Uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Sifa moja haina mjadala kwa mgonjwa wa aina yoyote: umbo la mawimbi. Umeme wa Regideso hupanda na kushuka kwa ulaini mara 50 kila sekunde. Inveta za bei ya chini huiga mwendo huo kwa ngazi: zinaruka juu, zinakaa, zinaanguka sifuri, zinaruka chini. Balbu haijali. Mota na kompresa hupata joto na kunung'unika, hita ya CPAP inaweza kuharibika, na baadhi ya chaja huungua. Tafuta maandishi "Pure Sine Wave" kwenye boksi, kisha usiyaamini. Omba feni dukani, iwashe kwanza kwa umeme wa ukutani, halafu kwa inveta. Ikianza kuvuma kwa sauti nzito ambayo haikuwa nayo, umeshapata jibu lako, na muuzaji pia amelisikia.

Kuna balaa la pili ambalo Kigobe inalijua kuliko mitaa mingi, kwa sababu ni mtaa wenye watoto na wajukuu ng'ambo. Mashine inatumwa kutoka Ottawa au Ohio, imefungwa vizuri, na imefika bila kuvunjika. Kama ni CPAP, mara nyingi hakuna neno, chaja zake nyingi hupokea volti 100 hadi 240. Kama ni mashine ya oksijeni, soma kibandiko kabla ya kugusa prizi: nyingi za huko ni za volti 115 na mawimbi 60 kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye 220 itakufa papo hapo. Fundi atakushauri transfoma, naye atakuwa amesema nusu. Transfoma hushusha volti lakini haigusi mawimbi. Kompresa ya 60 ikilishwa 50 itazunguka polepole kwa kama sehemu moja ya sita, itapata joto, na oksijeni inayotoka inaweza kupungua ubora huku mashine ikionekana inafanya kazi. Hilo ndilo la kutisha. Giza mtu analiona. Oksijeni hafifu haionekani.

Njia ya kutokea ipo, na ni inveta. Betri ya volti 12 ni ile ile Ohio na Buyenzi. Inveta iliyonunuliwa Amerika hutoa volti 120 na mawimbi 60, sawasawa na mashine ile inavyotaka. Mwambie mwanao atume vyote viwili, mashine na inveta, kisha betri ununue hapa na uzichaji kwa chaja ya hapa. Mashine itaishi kwenye betri muda wote, na Regideso itabaki na kazi ya kujaza betri tu. Prizi zake za Kimarekani zisipachikwe kibadilishi cha prizi za hapa, ili msaidizi wa nyumbani asije akaichomeka ukutani kwa nia njema. Betri za lithiamu asizipakie kwenye sanduku la chini la ndege. Za akiba hubebwa mkononi tu, na zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji idhini ya shirika la ndege. Zinazozidi 160 abiria hawezi kusafiri nazo mkononi wala kwenye sanduku.

Nikiwa hapo hapo: kwa CPAP za mtumba za Philips, na BiPAP zinazofanana nazo, angalieni namba ya mashine. Juni 2021 kampuni hiyo iliita mamilioni ya mashine zirudishwe kwa sababu sponji la kuzuia kelele lililokuwa ndani liliweza kumeng'enyuka na mgonjwa akavuta vipande vyake. Huenda baadhi yake zilipata wamiliki wapya mbali sana na tangazo hilo.

Watu wakinunua inveta huhesabu saa za giza. Saa za mwanga nazo zihesabiwe, na hili nalikuta limesahauliwa hata kwenye nyumba zenye vifaa vya ghali. Sehemu kubwa ya umeme wa Burundi hutoka kwenye mito. Rwegura, ndani ya msitu wa Kibira, ni megawati 18. Rusumo, kwenye mto Kagera, ni megawati 80 zinazogawanywa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania. Na shamba la sola la Mubuga lililoanza 2021 huko Gitega ni megawati 7.5. Kiangazi kikikaza, maji hushuka na mgao huongezeka. Sasa, ikiwa umeme umekuja kwa saa 6 tu, betri iliyotoa wati-saa 3300 usiku inahitaji kurudishiwa zaidi ya wati 550 kila saa, pamoja na kinachopotea njiani. Chaja iliyomo ndani ya inveta nyingi ndogo hutoa ampea 10, kama wati 130. Itahitaji zaidi ya siku nzima. Usiku wa kwanza utapita vizuri, wa pili kwa wasiwasi, wa tatu betri itakata saa tano. Kila mtu atasema betri imechoka, kumbe haijawahi kujaa.

Ndiyo maana mashine ya oksijeni ya nyumbani Bujumbura inadai paneli juu ya paa. Kwa jua letu, paneli za wati 1000 hivi zinaweza kurudisha usiku mmoja wa mashine ya lita 5 kwa siku isiyo na mawingu. Mgonjwa anayevuta oksijeni mchana na usiku anahitaji mara tatu ya hizo. Ni fedha nyingi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kwamba inawezekana, Uganda imeonyesha. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Jinja, katikati ya muongo wa 2010, kundi la madaktari, akiwemo Michael Hawkes kutoka Kanada na daktari wa watoto Sophie Namasopo wa Uganda, liliunganisha mashine za oksijeni na paneli na betri ili watoto wenye nimonia wasitegemee gridi. Baadaye mfumo huo ukawekwa katika vituo vya afya 20 vya Uganda, na matokeo yaliyotoka katika Lancet mwaka 2024 yalionyesha vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni ndani ya saa 48 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu. Walichofanya hakina siri: walijua mashine inakula nini, wakajua jua linatoa nini, wakajaza katikati kwa betri za kutosha kuvuka usiku.

Kwa safari, basi, mgonjwa wa oksijeni asibebeshwe inveta. Kuna mashine ndogo za begani zenye betri yake, zinazotoa oksijeni kwa mpulizo kila mgonjwa anapovuta. Namba 2 kwenye mashine hizo haimaanishi lita 2 kwa dakika, na si kila mgonjwa anaweza kulala nazo, kwa sababu akipumua kwa mdomo usingizini huenda mashine isimsikie. Daktari aamue baada ya kumpima, si baada ya kuiona picha. Na upo mtungi wa chuma, ambao hauna waya. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 150 una lita 1500 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu. Hata nyumbani, pamoja na inveta na betri na paneli zote nilizozitaja, mtungi uwepo. Moto usiwe karibu nao, wala karibu na mashine: jiko la makaa, mshumaa, sigara ya mjomba, vyote vikae angalau mita 3, na hemani visiwepo kabisa.

Umeme ukirudi usishangilie haraka. Dakika za kwanza volti hupanda na kushuka, na mashine nyingi hufia hapo kuliko zinazofia kwenye kukatika. Kizuizi cha volti, hiki ambacho watu huweka kwenye friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kiwekwe mbele ya inveta na chaja.

Kabla ya kumtegemeza mtu kwa mitambo hii, ifanyieni jaribio la Jumamosi. Saa mbili usiku zimeni swichi kuu, mgonjwa alale kwa betri kama ilivyopangwa, mtungi au dawa zikiwa kando na mtu mzima mmoja akiwa macho. Andikeni volti ya betri kila saa. Msikilize king'ora cha mashine na cha inveta, ili mjue kipi ni kipi, kwa kuwa inveta hulia betri ikikaribia kuisha na mashine ya oksijeni hulia umeme ukikosekana au oksijeni ikishuka. Kwa wanaokwenda Mugera, fanyeni hivyo hivyo uani, ndani ya hema lenyewe, kwa waya ule ule na urefu ule ule.

Kisha karatasi moja iandikwe kwa Kirundi na Kiswahili, ibandikwe ukutani karibu na kitanda: kizimwe nini kwanza, kiwashwe nini, mtungi unafunguliwaje, namba ya daktari na ya mwenye gari lenye mafuta. Zamu aisome, na msaidizi wa nyumbani aisome, kwa sauti. Ufunguo wa mtungi ufungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, maana saa tisa za usiku hakuna anayekumbuka aliuweka wapi.